Kinga Ipi Iliyokula Nywele?

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, vyombo vikishaoshwa, Alliance aliketi sakafuni katikati ya magoti ya mama yake kusukwa nywele za kwaya ya kanisani. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao ughaibuni, mjini Shively, hata theluji ianguke. Jumamosi hiyo, loo! Kitana kilimtoka mama mkononi.

"Yesu wangu! Nini hii?" Mama yake, Nshombo, alipiga yowe. Nyuma ya sikio palikuwa na upara laini, wa mviringo kama kizibo cha soda. "Juzi walikudunga sindano ya kinga shuleni, leo nywele zimekwisha!"

Alliance alijua si kweli. Upara ule aliugundua wiki tatu kabla ya sindano, akaufunika kwa kitambaa akiogopa kuchekwa. Sasa sindano ilibeba lawama yake, naye akaona afadhali.

Jumatatu walikwenda kliniki. Mdogo wake Bagula, wa mwaka mmoja, alikuwa apate chanjo ya surua siku hiyohiyo. Daktari alitazama upara, akasema, na mkalimani akatafsiri kwa simu: "Mama, ni kinga ya mtoto inayoshambulia nywele."

Mama aliruka kitini. "Kinga! Mwenyewe anakubali! Bon, basi, Bagula wangu hadungwi kitu!" Akambeba, mkono ukashika mlango.

Muuguzi Niyonkuru, Mrundi ajuaye Kiswahili, aliingia mbio. "Mama Alliance, surua imeshalaza watoto wawili mtaani kwenu!"

"Afadhali surua, naijua!"

Alliance alimtazama Bagula, akamvuta mama nguo. "Mama, ngoja! Upara ulikuwepo kabla ya sindano. Niliuficha."

Mama aliuachia mlango. "Alliance! Ungeniacha nitoke?"

Niyonkuru alimketisha taratibu. "Neno limekuchanganya, mama. Kinga aliyoitaja si sindano. Ni askari wa mwili wenyewe. Wamekosea, wanapiga mizizi ya nywele. Haiambukizi. Nywele huweza kuota, kisha zikapukutika tena. Wapo waliozipoteza baada ya chanjo, na wataalamu bado wanachunguza. Ila upara huu ulitangulia sindano."

Mama alipumua kwa nguvu, akamvua Bagula suruali. "Haya, mdungeni."

Bagula aliangua kilio, kliniki nzima ikasikia. Alliance naye alikuwa akilia.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," Niyonkuru alimwambia, akibandika plasta pajani pa mtoto. "Mshukuru Mungu, binti yangu, kilio chenyewe ni hiki cha sindano tu, si cha msiba."