Mkono wa Gia wa Marehemu

Mkono wa gia ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi. Ni joto la kiganja, kama kuna mtu ametoka kuuachia sasa hivi. Mama Gia, fundi wa gereji ile, akaurudisha mkono wake haraka, akaufuta kwenye ovaroli.

"Umeona, dada?" Mwewe alinong'ona akiwa mlangoni mwa gereji. "Injini imezimwa, ufunguo ninao mimi, lakini gia zinajiingiza zenyewe. Nisaidie. Silali."

Mwewe alikuwa dereva wa mashindano, rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu kaka yake Mama Gia. Ndiye aliyefika wa kwanza siku kaka alipopinduka na gari lake. Ndiye aliyeleta habari nyumbani, akalia kuliko hata ndugu, akasema moto haukubakiza kitu.

Mama Gia akaketi kiti cha abiria, akafunua ngozi iliyoziba shina la ule mkono. Ulikuwa mkono mfupi, wa wale wapenda mbio: hauongezi nguvu ya gari, unafupisha tu safari ya kiganja kutoka gia hadi gia. Akatazama palipochomelewa. Ile michirizi iliyolalia kushoto aliijua. Kaka yake alikuwa shoto, na mkono huu aliuchonga na kuuchomelea mwenyewe, humu humu gerejini, yeye akimshikia taa.

"Umeutoa wapi huu?"

"Nimenunua tu." Alijibu haraka mno.

"Hebu kaa hapa. Ushike, nione unavyosumbua."

Mwewe akaingia upande wa dereva, akaushika. Harufu ya asumini na mpira ulioungua ikajaa garini, shingo yake ikakakamaa, kinywa kikafunguka kikatoa sauti isiyo yake, sauti ya kaka mtu, ikiita, "Mwewe, mguu umebanwa, nivute ndugu yangu, moto unakuja," kisha sauti ya Mwewe mwenyewe ikajibu kutoka kinywa kilekile, "Ngoja, ngoja kwanza nifungue huu mkono wa gia," na spana ikasikika ikikwaruza nati ilhali hakuna aliyeshika spana, ikakwaruza na kukwaruza huku anayeita akizidi kuita, mpaka mwito ukawa ukelele, ukelele ukawa mngurumo wa moto, na nati ikaachia.



"Nilidhani nitawahi vyote viwili," Mwewe alilia. "Utoe, dada! Kiganja hakibanduki!"

Mama Gia hakumtazama. Alimuuliza yule asiyeonekana, kwa sauti ya chini, "We nani?"

Sauti kavu, si ya mwanamume wala ya mwanamke, ikatoka chini ya kiti. "Jini, niliyekuwa nikipanda na kaka yako na kushuka naye. Nimenyang'anywa mtu wangu."

"Ulikuwa naye mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Peke yangu."

Kazi ya kuutoa ule mkono haikuwa kubwa, na spana alikuwa nayo mfukoni. Mama Gia aliipapasa. Kisha akashuka, akafunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Basi, huyu hapa. Mchukue."

Gari likawaka bila ufunguo, likatoka getini. Alilisikiliza likipanda gia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa, huku Mwewe akigonga kioo kwa mkono mmoja, hadi mwisho wa barabara, kwenye ukuta, palipolia kishindo kimoja.

Watu walikimbilia huko. Mama Gia alifunga gereji, akaingia kwenye pikapu yake. Alikuwa hajawasha injini mlango wa upande wa pili ulipofunguka, ukafungwa. Kiti kikabonyea. Mkanda ukajivuta, ukajifunga.

"Kaka yako," ile sauti kavu ikasema, "alikuwa akiniachia dirisha wazi."

Mama Gia akanyoosha mkono, akateremsha kioo cha upande ule.