Kiganja Juu ya Spika

Mtaa wa maduka ya umeme ulifurika watu, kila duka likishindana na jirani yake kupiga muziki. Katikati yao alipita mshereheshaji mwenye gauni la manjano, amekumbatia spika mbovu. Wauzaji walimwelekeza kwa fundi aliyeitwa Kimya, duka la mwisho. Alimkuta amefunga dirisha na kujaza pamba masikioni.

"Fundi wa spika anaziba masikio," alisema. "Ama kweli, tembea uone."

"Kelele zikizidi, dada yangu, kichwa kinakuwa kama kinapasuka. Mimi nasikiliza hivi." Akaunganisha nyaya, akampa kipaza sauti na kuweka kiganja kwenye uso wa spika. "Sema kitu."

"Moja, mbili."

"Koili, ule waya wa ndani, imelegea. Na wewe umechoka sana."

Mshereheshaji akakaa bila kukaribishwa. Wanasema mapenzi hayana macho. Haya yalikuwa na kiganja.

Jioni zikawa zao. Mwanamke aliyechangamsha kumbi za watu alivua viatu kwenye chumba cha fundi, akanyamaza mpaka usingizi ukamchukua. "Kimya wangu," alimwita, "kwako ndiko ninakopumzika."

Mama wa mshereheshaji hakuridhika. "Mwanangu, asiyeweza kukaa na watu atakaaje na ukoo mzima?" Akaandaa sherehe ya uchumba, akaalika nusu ya mji.

"Uingie tu wakuone, mpenzi," mshereheshaji alimbembeleza kwenye simu. "Ukae kidogo, basi."

"Kwa ajili yako nitaingia."

Na alikwenda, masikini, amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyombana. Mlango ulipofunguliwa, muziki, vigelegele, sahani na wajomba wanaopigiana kelele vikamvamia kwa pamoja. Hakuweza tena kutofautisha sauti na sauti. Akarudi nyuma kabla hajaonekana. Simu ilipoita mfukoni, hakuweza kuipokea.

Ndani, mshereheshaji alisimama mbele ya wageni peke yake. Shangazi mmoja alicheka. Siku zikapita bila mmoja wao kumpigia mwenzake, mpaka mshereheshaji akarudi dukani na spika ileile, mbovu tena.

"Nimekuja kama mteja," alisema. "Mtu wa kuniaibisha simtafuti."

"Nilikuja."

"Usinidanganye, Kimya. Watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyekuona."

"Nilikuwa nyuma ya ukumbi, kiganja ukutani, mpaka mwisho. Ulipowashukuru wageni sauti ilikukatika, ukajifanya unakohoa."

Mshereheshaji akafunika uso kwa mikono. Kikohozi kile hata mama yake alikiamini. Alilia waziwazi, na fundi akamshika.

"Tufunge ndoa kimyakimya," fundi alisema. "Mimi, wewe na mashahidi."

"Na baada ya harusi? Kila shughuli niingie peke yangu, mume wangu yuko nyuma ya ukuta?"

"Nitazoea."

"Umejaribu tangu utotoni. Umewahi kuzoea?"

Angeweza kudanganya. Lakini alimpenda mno. "Hapana."

"Mimi nami bila watu nanyauka, baba. Leo nikiwaacha kwa ajili yako, kesho nitakuchukia. Sitaki kukuchukia."

Hakuna aliyekuwa na kosa, na ndiyo maana kuachana kuliuma. Fundi akageukia kazi, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika. Alibadilisha koili taratibu kuliko ilivyolazimu, na mshereheshaji hakumharakisha. Kisha akampa kipaza sauti, akaweka kiganja mahali pake.

"Jaribu."

"Moja, mbili." Akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Nakupenda, Kimya."

Maneno yalitetemeka chini ya vidole vyake, yote, mpaka la mwisho. Duka la jirani likapandisha muziki. Fundi hakuondoa mkono upesi.

"Imepona," alisema, akaanza kukunja waya.