Mkono Ulioleta Batobato

Kila siku Mwanapili aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Aliswali, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akachukua ndoo na kwenda shambani. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, hapo Bongwe. Njia nyembamba ililigawa pande mbili. Upande wa kushoto ulikuwa wake. Upande wa kulia ulikuwa wa Hafsa, mke mwenzake. Wote wawili walilima nyanya na kuziuza Ukunda. Msimu huo walinunua pakiti moja ya mbegu, wakagawana.

Mume wao, Chirau, alikuwa seremala. Alikuwa mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Lakini tumbaku ilimshinda kuiacha. Alinunua majani makavu sokoni, akayavunjavunja kiganjani, akayasokota kwenye karatasi na kuvuta. Mengine aliyatafuna. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia, na usiku alikohoa.

Asubuhi moja Mwanapili alimwona Chirau njiani, kando ya upande wa Hafsa, amebeba ndoo za maji. Hafsa alisema neno, na Chirau akacheka. Mwanapili hakulisikia lile neno. Kicheko alikisikia, na siku nzima hakikumtoka masikioni.

Ilipofika zamu yake ya kulala na mume, alimwambia, "Baba Salimu, kwa mwenzangu unachota maji. Kwangu huonekani. Au mimi sina shamba?"

"Unalo, Mama Salimu."

"Basi na mimi nione mkono wako."

"Nitakuja kesho," Chirau akasema.

Na kweli alikuja. Alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kwa Mwanapili hakuchota maji tu. Aliifunga miche kwa kamba ili isianguke. Aliyakata machipukizi ya pembeni kwa ukucha, huku tumbaku ikiwa mdomoni. Mwanapili alimshukuru kwa sauti kubwa.

"Ahsante, mume wangu. Mungu akuweke."

Alitaka Hafsa asikie. Hafsa alikuwa hapendi harufu ya tumbaku. Tangu alipobeba mimba ya mtoto wake, ilimtia kichefuchefu. Chirau alipompelekea maji, aliziweka ndoo njiani na kuondoka. Mwanapili aliyaona hayo akafurahi. Alijiambia, "Yeye anamfukuza mume. Mimi ninamkaribisha."

Furaha hiyo haikudumu. Majani ya nyanya za Mwanapili yalianza kugeuka rangi. Yalipata mabaka, mengine ya kijani, mengine ya manjano. Kisha yakajikunja na kuwa membamba. Nyanya zilizotoka zilikuwa ndogo, zina madoa. Mwanapili alikwenda dukani akanunua dawa ya wadudu. Alinyunyiza, akangoja, akanyunyiza tena. Hali ilizidi kuwa mbaya.

Ng'ambo ya njia, nyanya za Hafsa zilinawiri.

Mwanapili alizitazama kila asubuhi, na kila asubuhi chai yake ilikuwa chungu. Mbegu ni zile zile. Udongo ni ule ule. Mume anafanya kazi upande wake, si kule. Kwa nini kule kunawiri?

Siku moja kisimani, jirani yao Zainabu alimuuliza habari za shamba.

"Nyanya zangu haziharibiki bure," Mwanapili akajibu. "Kuna mtu amezitazama."

"Nani huyo?"

"Tazama mwenyewe shamba la nani ni zuri."

Wanawake waliokuwa pale walielewa. Jioni maneno yalikuwa yamefika kwa Hafsa. Alikuja mpaka mlangoni kwa Mwanapili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimesikia yaliyosemwa kisimani. Mimi sijui uchawi. Ukitaka, nitashika Msahafu mbele yako."

"Mimi sikutaja jina la mtu," Mwanapili akasema, akaingia ndani.

Baadaye Hafsa alikwenda kwao Jego, kwenye harusi ya kaka yake. Mwanapili alibaki. Mchana alikuwa shambani akiyakata majani yaliyougua. Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu. Aliinua macho akaona upande wa Hafsa. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva, zimening'inia kama shanga. Chirau alikuwa kazini. Hapakuwa na mtu.

Mwanapili alivuka njia. Alishika mche wa kwanza kwenye mstari wa kando, akaivunja ncha yake kwa ukucha. Akaenda wa pili. Akaumaliza mstari mzima. Mkono haukusimama. Kisha akarudi upande wake, akaendelea na kazi kama mtu ambaye hakutoka.

Hafsa aliporudi aliona ncha zimevunjwa. Alidhani ni mbuzi. Lakini baada ya wiki mbili hivi, mstari ule ulipata mabaka. Ulikuwa mstari ule peke yake. Hafsa aliogopa, akampigia simu afisa wa kilimo.

Afisa huyo aliitwa Loice. Alikuwa ametoka bara, na alikuwa amefanya kazi Kwale miaka mingi. Alikuja asubuhi, akawasalimu, akaingia pande zote mbili. Mwanapili, Hafsa na Chirau walimfuata.

"Hii ni batobato," Loice akasema.

"Ni mdudu?" Hafsa akauliza.

"Hapana. Nitaeleza taratibu. Kuna wadudu, kama vidukari na inzi weupe. Hao mnawaona kwa macho. Kuna kuvu, kama ukungu unaoota kwenye mkate. Kuna bakteria, ambao ni wadogo sana. Na kuna virusi. Virusi ni vidogo kuliko hao wote. Haviongezeki mpaka viingie ndani ya kiumbe hai. Batobato hii inaletwa na virusi."

"Mimi nimenyunyiza dawa," Mwanapili akasema.

"Ulinyunyiza dawa ya wadudu, mama. Haiwezi kuua virusi. Imewaua nyuki, na wale wadudu wanaokula vidukari. Hao walikuwa wakikusaidia. Mmea ukishapata batobato, hakuna dawa ya kuuponya."

"Sasa vimetoka wapi?" Chirau akauliza. "Kwenye mbegu?"

"Wakati mwingine hutoka kwenye mbegu. Zenu mlinunua wapi?"

"Ni pakiti moja," Hafsa akasema. "Tuligawana. Kwangu hazikuugua mpaka juzi."

Loice aliinama. Kati ya mistari ya Mwanapili aliokota kipisi cha msokoto. Alikinusa.

"Nani anavuta hapa?"

"Ni mimi," Chirau akasema.

"Nawe ndiye unayeyakata machipukizi?"

"Ndiyo. Kila asubuhi."

Loice alitikisa kichwa polepole. "Mimea nayo ina jamii zake, kama watu. Nyanya, biringanya, pilipili, mnavu na viazi mbatata ni jamii moja. Tumbaku nayo imo katika jamii hiyo hiyo. Ni ndugu yake nyanya. Virusi hivi hukaa ndani ya jani la tumbaku hata likishakauka. Ukisokota, vinabaki vidoleni. Ukikata chipukizi, mmea unapata kidonda kidogo. Virusi vinapita hapo."

Chirau aliitazama mikono yake.

"Shamba ni mfumo ikolojia," Loice akaendelea. "Maana yake, ni mahali ambapo viumbe vingi vinaishi pamoja na kutegemeana. Kuna udongo, maji, mimea, wadudu na vijidudu. Na sisi watu tumo. Tukiingia na kitu mikononi, nacho kimeingia."

Walivuka kwenda upande wa Hafsa. Loice aliuchunguza mstari wa kando ya njia.

"Hizi ncha nani amezivunja?"

"Nilidhani ni mbuzi," Hafsa akasema.

"Mbuzi angekula na majani. Huu ni ukucha wa mtu. Huenda alikuwa na tumbaku mikononi. Au alitoka kushika miche iliyougua, akaja kushika hii bila kunawa."

Hafsa aligeuka akamtazama mumewe. "Nilikuwa Jego," akasema kwa sauti ya chini. "Uliingia humu."

"Sikuingia, Hafsa."

"Nani mwingine ana tumbaku mikononi?"

Mwanapili alisikia masikio yakiwaka moto. Aligeuka akalitazama shamba lake.

Loice aliwaeleza la kufanya. Miche yote iliyougua ing'olewe na ichomwe mbali na shamba. Mnavu uliojiotea pembeni nao ung'olewe, kwa sababu unaweza kuficha ugonjwa. Kila anayeingia shambani anawe mikono kwa sabuni kwanza. Visu na kamba vioshwe. Tumbaku isiingie kabisa, ya kuvuta wala ya kutafuna. Mahali palipougua pasipandwe nyanya, pilipili wala biringanya msimu unaofuata. Papandwe mahindi.

"Na wewe, baba," alimwambia Chirau, "hicho kikohozi nimekisikia. Tumbaku inakuumiza wewe kuliko nyanya. Moshi wake unamfikia na mtoto. Nenda kituo cha afya. Watakusaidia kuiacha."

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Hafsa. Lakini jua lilipokuchwa, Chirau alibisha mlango wa Mwanapili.

"Hafsa hataki kuniona," akasema. "Anasema nimemharibia mstari wake, kisha nikamdanganya mbele ya mgeni."

"Karibu," Mwanapili akasema.

Chirau alinawa mikono kwa sabuni, akaisugua muda mrefu. Kisha akaketi mkekani. Mwanapili alimpakulia wali na samaki wa kupaka. Hili ndilo alilokuwa akilitamani. Mume yuko kwake, katika zamu ya mwenzake, na mwenzake amekasirika naye. Angepaswa kufurahi. Lakini tonge alilirudisha sahanini.

"Kwako ugonjwa niliuleta mimi," Chirau akasema. "Hilo ninalikubali, na ninaona haya. Lakini wallahi, kwa Hafsa sikukata kitu. Hanisadiki. Labda hatanisadiki tena."

Mwanapili aliiondoa sahani yake. Hakuweza kumtazama.

Kulipokucha alimwambia, "Twende kwa Hafsa."

Walimkuta akimvisha mtoto nguo. Hafsa hakuwakaribisha.

"Hafsa," Mwanapili akasema, "Baba Salimu hakuingia shambani kwako. Niliingia mimi. Zile ncha nilizivunja kwa mkono wangu, nikitoka kushika miche yangu iliyougua. Sikujua kwamba nitakuletea batobato. Lakini nilitaka kukuharibia. Nilikuwa na wivu na wewe."

Hafsa alimweka mtoto chini. "Ukanisingizia na uchawi."

"Ndiyo."

"Na jana ulisimama pale, ukamwacha mume wetu aitwe mwongo."

"Ndiyo."

Chirau alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Mwanapili kama mtu asiyemjua, akatoka nje.

"Leo siwezi kukusamehe, dada," Hafsa akasema. "Mungu akinijaalia, siku nyingine. Lakini yale ya kisimani uyaondoe wewe mwenyewe."

"Nitayaondoa pale pale nilipoyasema."

Mwanapili alikwenda kisimani siku hiyo hiyo. Mbele ya Zainabu na wengine alisema kwamba Hafsa hana kosa, kwamba nyanya ziliharibiwa na ugonjwa, na kwamba yeye alisema uongo kwa kijicho. Alirudi nyumbani na ndoo kichwani, na hakuna aliyemfuata.

Waling'oa miche. Mwanapili aling'oa shamba lake karibu lote. Walipanda mahindi mahali pale. Chirau alitundika dumu la maji na kipande cha sabuni mwanzo wa njia. Alikwenda kituo cha afya. Aliiacha tumbaku, akairudia, akaiacha tena. Kikohozi kilipungua. Muda mrefu alizungumza na Mwanapili kwa maneno machache. Kisha polepole maneno yakarudi.

Mahindi yalipovunwa, walipanda nyanya mahali pengine pa shamba, kila mtu upande wake. Safari hii majani yalibaki ya kijani pande zote mbili. Mpishi wa hoteli moja ya Diani alikuja kununua. Alichukua za Hafsa kwanza, akazisifu, kisha akachukua za Mwanapili. Wivu ulimchoma Mwanapili. Aliusikia unavyochoma, akaendelea kupanga nyanya kwenye kreti.

Asubuhi iliyofuata Hafsa alikuwa akikata machipukizi peke yake, mtoto yuko mgongoni. Mwanapili alisimama njiani.

"Machipukizi ni mengi," akasema.

"Ni mengi," Hafsa akajibu. Alikata chipukizi jingine. "Umenawa?"

Mwanapili alikwenda kwenye dumu. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye kucha, akarudi.

"Nyanya zako ni nzuri kuliko zangu," akasema.

"Najua, dada," Hafsa akasema, akasogea kumpisha.