Kioo cha Bibi Sijaona

Zilibaki kona mbili tu lori lifike juu Newala, mvua ikalikuta. Tairi zikateleza, likarudi kinyumenyume, likaacha barabara na kulala ubavu korongoni, vichaka vikalifunika.

Dereva Bartholomayo alibanwa mguu. Twahiru, karani wa mmoja wa wanunuzi binafsi waliokuja kwa mara ya kwanza kugombea korosho msimu ule, alivunjika mkono. Bibi Sijaona, aliyepewa lifti Masasi, alivimba goti. Kioo alichomnunulia mjukuu wake Wema, mwari wa kutoka unyagoni wiki ile, kilipona katikati ya magunia matupu.

Barabara ilikatika, hapakupita gari. Mchanga ulikunywa mvua yote. Walikamua kanga ya bibi mdomoni mwa Bartholomayo mpaka ikakauka. Siku ya pili asubuhi mguu wake ulikuwa baridi, naye akaanza kusinzia usingizi mbaya.

"Usilale, baba. Kitendawili!" Bibi Sijaona alimwambia.

"Tega," alijibu kwa taabu.

"Nampa mkono wa kulia, ananipa wa kushoto."

"Kioo, bibi. Kitendawili hicho cha watoto."

Twahiru akainua kichwa. Juu kabisa ya mteremko, wadogo kama siafu, wanawake walikuwa wakishuka na ndoo kufuata maji. Sauti isingewafika.

"Bibi, funua kioo chako."

"Na ngurumo hizo? Kioo kinaita radi, mwanangu."

"Radi iko Masasi huko. Bartholomayo yuko hapa."

Bibi akafungua polepole fundo la kitambaa alichofungia kioo. Akawapa wanawake mgongo, akakiinua kioo mpaka akawaona ndani yake.

"Nawaona. Mbona hawasimami?"

Bartholomayo akacheka, kicheko kikavu. "Nikimwona utingo wangu nyuma kwenye kioo cha gari, naye ananiona. Unawaonyesha sura yako, bibi. Wao wanataka jua."

"Sura yangu ina ubaya gani?"

"Geuka," alisema Bartholomayo. "Hujarusha mpira ukutani wewe? Ukiurusha mshazari, unaondokea upande wa pili, mshazari uleule. Kioo kisilitazame jua, kisiwatazame wao. Kitazame katikati."

Bibi akageuka, jua likiwa juu ya ukingo wa korongo mbele yake. Akanyoosha kiganja cha kushoto kuwaelekea wanawake, akakiinamisha kioo kidogokidogo. Doa la mwanga likakimbia kwenye majani, likapotea, likarudi, likatua kiganjani. Akatanua vidole, wanawake wakaonekana katikati ya vidole, mwanga ukapita hapo ukawafikia.

Kule juu ndoo zikaanguka. Wanawake wakakimbia.

"Wamedhani radi," Bibi Sijaona alisema, akakaa chini. Mikono ilimwishia nguvu.

"Radi haihesabu," alisema Twahiru. "Wamulike mara tatu, bibi. Pumzika. Mara tatu tena."

Akainuka. Tatu. Akapumzika. Tatu. Goti linawaka, ulimi umeganda. Hakujua ni mara ngapi, hadi mwanamke mmoja alipojitokeza peke yake ukingoni, akakinga macho, akapunga kanga.

Huyo alikuwa Pili wa Kitangari. Alifika na wanaume wenye mapanga na jeki, ndoo kichwani, na maji ya kwanza akampa Bartholomayo. Mguu ulipona, ingawa mpaka leo anachechemea.

Kioo kiko ukutani kwa Wema. Ngurumo zikianza, Bibi Sijaona bado hukifunika kwa kanga, kama alivyofanya mama yake. Ila siku hizi pembe moja huiacha wazi.