Aliyeitika Kitanda cha Nne

Mgonjwa wa kitanda cha nne alivuta pumzi kabla mashine haijampa. Siku kumi na moja mashine ndiyo iliyokuwa ikimpumulia, wala hakuwahi kuvuta hata moja ya kwake, na leo kifua kikapanda chenyewe, taratibu, kama cha mtu anayejaribu nguo ya kuazima.

Nesi wake, wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Wodi ile ya mahututi watu wamelala hawajitambui, yeye anapiga nao soga kutwa. "Nakugeuza, kaka, usije ukapata vidonda mgongoni. Sasa nakusafisha mdomo, vumilia." Wakimcheka, husema: "Nyie mmejuaje kwamba hawasikii?"

Huyu wa nne aliokotwa barabarani baada ya ajali, mfukoni hana hata kipande cha karatasi. Faili lake liliandikwa Hajulikani. Siku ya kumi daktari alitikisa kichwa, akasema tumwachie Mungu. Roho ikamuuma Redio, akamwinamia sikioni.

"Njoo, basi. Yeyote uliye, popote ulipo, njoo. Mahali pako papo wazi."

Sista mkuu, aliyekuwa akipima dawa kitanda cha pili, aliweka sindano chini. "Mwanangu, humu mtu huitwa kwa jina lake. Ukisema yeyote, atakuja yeyote."

"Sista nawe! Nimwite nani, na jina silijui?"

Basi kesho yake ndiyo ikaja ile pumzi. Keshokutwa macho yakafunguka, mpira ukatolewa kooni, madaktari wakapeana mikono. Jamani, wodi ile furaha haiijui sana! Lakini Redio alipoinama kumpangusa uso, alikutana na harufu ya nywele zilizoungua. Akammulika tochi jichoni. Mboni haikusinyaa. Alipomwita daktari, ikasinyaa vizuri kabisa.

Daktari alipoondoka, mgonjwa akanong'ona: "Uliniita."

Mama yake akapatikana, mjane aliyekuwa akizunguka hospitali moja baada ya nyingine wiki mbili nzima, viatu vimemwisha soli. Alifika mchana, saa ya kutazama wagonjwa. Akasimama mlangoni, akamwita kwa jina la utani la nyumbani: "Kifaranga! Kifaranga wangu!" Na Redio, aliyekuwa amemshika mgonjwa mkono, akasikia sauti ya kijana ikiitika, "Naam, mama," ila haikutoka kitandani, ilitoka nje ya mlango, kwenye benchi la ukumbini ambalo halikuwa na mtu, na ilikuwa imechoka, sauti ya mtu aliyekaa hapo siku nyingi akingoja aitwe, na kabla Redio hajageuza shingo yule wa kitandani naye akatabasamu, kwa kuchelewa, akasema, "Mama."

Siku ya pili Redio alivuta pazia. "Toka," alisema kwa sauti ya chini. "Mwachie mwenyewe."

"Nitoke niende wapi? Miaka yote napita milangoni mwa watu, hakuna aliyewahi kuniambia njoo. Ni wewe tu." Machozi yalimtoka, machozi ya kweli. "Na nikitoka, kifua hiki hakipandi tena. Mwenyewe hajui njia ya kurudi. Akiugusa mwili wake, unamteleza."

Redio akamfuata mama kwenye sinki la kunawia mikono. "Mama, yule aliyelala pale..."

"Harufu yake niliisikia tangu siku ya kwanza," mama alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyemzaa, unadhani sijui? Nimezika mume. Nimezika binti. Sina nguvu za kuzika tena. Anayepumua ndiye wangu."

"Lakini mwanao yupo, mama. Yupo hapo nje, ukimwita anaiti—"

Mkono wenye maji ukamziba mdomo. "Nyamaza, mwanangu, nakuomba. Nikilisikia hilo sitaweza kuondoka hapa."

Redio akanyamaza, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Siku ya ruhusa wodi nzima ilipiga makofi. Redio akasukuma kiti cha magurudumu mpaka mlangoni mwa lifti, mama akakipokea na kukiingiza ndani. "Twende nyumbani, Kifaranga," mama akasema, akitazama mbele tu. Kutoka kwenye benchi ikaja, "Nakuja, mama," na nyayo tupu zikawafuata mbio sakafuni, mama akafumba macho kwa nguvu, na yule wa kwenye kiti akaugeukia ukumbi mtupu kana kwamba anamwonea mtu huruma. Milango ya lifti ikajifunga.

Nyayo zikasimama kando ya Redio.

"Dada," sauti ikauliza, "mama ameondoka na nani?"