Namba Tano Anaitika

YAH: KUTOFUTWA KATIKA ORODHA KWA SIMU YA UPEPO NDOGO (MOJA), NAMBA TANO

Ndivyo barua ilivyoanza, kwa herufi kubwa hizo hizo, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imesimama ikisubiri uamuzi. Ilitoka ofisi ya Mradi wa Vipimo vya Mito, Mbeya, mwezi Juni 1976, na ilisema mambo mawili. Kwanza, kifaa cha serikali hakifutwi kwenye orodha mpaka kirudishwe, na fomu ya kurudishia isainiwe na aliyekabidhiwa. Pili, kwa kuwa aliyekabidhiwa, Ndugu Shija Ngolo, hajulikani aliko, kifaa hicho kiendelee kuitwa kila siku saa nne asubuhi na saa tisa alasiri "kama kawaida". Chini yake Ndugu Eliezeri, mkuu wa ofisi, alikuwa ametia saini ndefu kuliko barua yenyewe.

Kalinga, fundi wa simu ya upepo, aliikunja barua akaiweka ndani ya daftari la miito, na akaitii.

Kazi yake ilikuwa kuufanya mtambo mmoja utoshe watu watano porini. Mtambo huo ulifungwa nyuma ya Land Rover. Wakifika mahali, dereva Lutengano alisimamisha mlingoti wa mianzi, Kalinga akaunga waya kwenye betri, akangoja taa nyekundu iwake, kisha akawaita mmoja mmoja wasomaji wa vipimo waliotawanyika kando ya mto, kila mtu na simu yake ndogo begani. Simu hizo ndogo hazikusikilizana zenyewe kwa zenyewe. Kila neno lilipanda kwanza kwenye Land Rover, ambayo wote waliiita Kikuu, ndipo likashuka kwa mwenzake. Kikuu kikizimwa, kila mtu hubaki peke yake na mto wake.

Shija alipotea mwezi Machi, siku ya mafuriko, katika mbuga za Usangu. Mwili haukuonekana, wala simu. Daftari lilionyesha kwamba alipoitwa saa tisa hakuitika, na kwamba kabla ya hapo hakuwa ameomba msaada wowote. Kamati ya watu saba ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba Ndugu Shija ameacha kazi bila taarifa na kutoroka na mali ya umma. Jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo, katikati ya ratiba ya zamu za usafi na tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Tangu hapo, kila siku mara mbili, Kalinga alibonyeza kitufe na kusema, "Kikuu anaita Namba Tano. Namba Tano, unanipata?" Alitazama saa yake dakika nzima, kama kanuni inavyotaka, kisha akaandika: kimya.

Asubuhi moja ya Novemba walikuwa Uyole, wakijaribu mitambo kabla ya safari ya Iringa. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, malori yanapita yakiwa yamewasha taa mchana. Kalinga aliita Moja hadi Nne, wote wakaitika. Akaita Tano.

Sindano ya mtambo ikainuka.

Sindano ile huinuka pale tu mtu anapobonyeza kitufe, wa upande huu au wa pili, na Kalinga alikuwa ameshaachia chake. Ilisimama, ikatetemeka, ikakaa hivyo dakika nzima. Spika haikutoa neno. Ilitoa sauti ndogo ya maji yanayopita kwenye majani.

Sindano ikalala. Kalinga akachukua kalamu, akaandika: kimya.

"Ndugu yangu," Lutengano alisema akiingiza kichwa nyuma ya gari, "umebeba samaki humu?"

"Samaki wa nini?"

"Kunanuka tope. Tope la mbugani, lile jeusi. Na mimi gari nimeliosha jana."

"Hukuliosha vizuri," Kalinga alisema, asimtazame.

Siku ya tatu walikuwa Idodi. Jua lilikuwa kali, anga jeupe, na mto ulio chini ya kijiji ulikuwa umeanza kujaa maji ya milimani. Tekla, msichana wa Iringa aliyekuwa Namba Tatu, alisimama kwenye kipimo, umbali ambao mtu akiita kwa mdomo hasikiki. Saa tisa Kalinga alifungua daftari na kunyoosha mkono kwenye kitufe. Hakupata nafasi ya kukigusa.

"Namba Tatu, Kikuu hapa," spika ilisema. "Sogea mbele kidogo. Namba hazisomeki."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kikohozi kidogo mwishoni kilikuwa chake pia.

"Nasogea," Tekla akajibu, akimalizia kwa neno la kanuni. "Maji magotini. Mwisho."

"Sogea tena. Kikuu kiko wazi. Nakusikiliza."

Kalinga alibonyeza kitufe akapiga kelele, "Tekla, rudi! Si mimi!" lakini sindano haikusogea, neno lake halikupanda popote, na spika ikaendelea kumwita yule binti kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao kazini, sogea, sogea kidogo, nipo, nakusikiliza, na Tekla akiitika maji ya mapajani, maji ya kiunoni, mwisho, kwa sauti ya mtumishi anayetii, mpaka Kalinga akang'oa waya wa betri kwa mikono miwili, taa nyekundu ikazimika, naye akabaki ameshika waya mkononi akisikiliza, kwa maana mtambo uliokufa ulikuwa bado unaongea, na harufu ya tope jeusi ilikuwa imejaa garini hadi kooni, na nyuma ya sauti yake mwenyewe alisikia sauti nyingine, ya mbali, ya mtu anayetetemeka kwa baridi, ikisema maneno matatu ambayo kwa miezi minane alikuwa akiomba asiyasikie: Kikuu, maji yamefika.

Lutengano alikuwa amekwisha kukimbilia mtoni. Alimkuta Tekla maji ya kifuani, simu imeinuliwa juu kama kanuni inavyotaka, akamburuta kwa nywele.

"Kaka Kalinga," Tekla alinong'ona ukingoni, meno yanagongana, "si wewe uliyeniambia nisogee?"

"Si mimi."

"Ilikuwa sauti yako."

"Najua."

Walidhani limekwisha. Kesho yake saa tisa, simu zote zikiwa zimefungwa sandukuni, Tekla aliinuka kitandani macho wazi, akasema, "Nasogea, mwisho," akaanza kutembea kuelekea mtoni. Watu wawili walimshika. Padri alikuja akamwombea, na binti alitulia kwa muda wote wa sala, akasema amina pamoja na wengine, kisha akainuka tena. Siku iliyofuata walihitajika watu wanne.

"Majini ya kwetu Rungwe nayajua," Lutengano alisema kwa sauti ya chini. "Hayo yanataka kuku, mnamaliza. Hili linataka nini?"

Kalinga alikuwa akikaza kamba ya sanduku la simu.

"Kuna mganga mmoja tu nimesikia anaweza majini ya mtoni. Usangu kule, Msukuma. Anaitwa Mbuke." Akamtazama Kalinga. "Ni mama yake Shija."

"Mwingine hakuna?"

"Mwingine ulitaka wa nini?"

Gari la serikali haliendi bila sababu. Kwenye daftari la gari Lutengano aliandika: kumpeleka mtumishi kwa matibabu (jini). Alitafakari, akafuta neno la mwisho, akaandika: mengineyo.

Bi Mbuke aliwapokea uani, mbele ya zizi, mchana kweupe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Hakuuliza habari za mwanawe. Alimlaza Tekla juu ya ngozi ya ng'ombe, akaweka bakuli la maji kichwani pake, akamwambia Kalinga, "Simamisha mti wako. Washa hicho chombo. Mwite kama mnavyomwita siku zote."

"Nani, mayu?" Kalinga aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Unamjua."

Mianzi ikasimama, taa ikawaka. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. Kalinga akabonyeza kitufe.

"Kikuu anaita Namba Tano. Namba Tano, unanipata?"

Sindano ikainuka mpaka mwisho. "Nakupata," ilijibu sauti ya Kalinga mwenyewe. "Kikuu kiko wazi. Nakusikiliza." Tekla akaanza kuinuka. Maji ya bakuli yakageuka meusi.

Bi Mbuke alimkandamiza binti kwa mkono mmoja. "Huyu si mwanangu," alisema taratibu. "Hili ni la mtoni. Mtu amekufa halafu jina lake linaitwa asubuhi na alasiri, kila siku; limesikia jina, limeona kiti kitupu, limekaa. Kulitoa si kazi. Mimi nataka kujua kitu kimoja, baba. Likija kwa jina la Shija, kwa nini linaongea kwa sauti yako?"

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Lutengano alimtazama Kalinga, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Siku ile ya mafuriko ulinituma petroli," Lutengano alisema. "Niliporudi ulikuwa na redio mapajani."

"Betri ilikuwa moja," Kalinga alisema.

"Sema, baba," Bi Mbuke alisema. "Huyu mtoto ananishinda nguvu."

"Kulikuwa na mpira. Nilichomoa waya wa mtambo nikaunga redio. Nilisema nitawasha mapema kabla ya saa tisa. Mpira ukanoga. Nilipowasha saa tisa ilishapita, nikamkuta yuko hewani. Alisema, 'Kikuu, maji yamefika shingoni, nimeita mara tatu.' Kisha hakusema tena. Nikaandika kwamba hakuitika."

Bi Mbuke hakumpiga. Labda ingekuwa afadhali.

"Usiniambie mimi tu," alisema. "Bonyeza hapo. Namba zote zisikie."

Kalinga alibonyeza, akayasema tena yote, neno kwa neno. Safari hii sindano ilisogea. Alipofika kwenye mpira sauti ilimkatika, akaanza upya. Alipomaliza, spika ilitoa mlio wa maji marefu yanayoondoka, harufu ikatoka garini kama mtu anayepita karibu yako, na maji ya bakuli yakawa maji. Tekla alikuwa amelala, akikoroma kidogo.

"Asante, mayu," Kalinga alisema. Alipiga magoti. "Nisamehe."

"Walikuja wenzako watatu wa ofisini wakaniambia katoroka," Bi Mbuke alisema. "Na karatasi yenye muhuri. Mimi nilimlaani mwanangu. Miezi minane sikumlilia, kwa sababu mtoro haliliwi." Aliinuka, akafungua kitambaa kichwani, akatoka nje ya uwanja akiitazama mbuga, akaanza kulia kwa sauti, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja.

Kalinga alirudi Mbeya, akaomba kusahihisha daftari. Ndugu Eliezeri alisikiliza hadithi yote, akavua miwani, akasema daftari la miito ni nyaraka ya serikali, halifutwifutwi. Masahihisho huombwa kwa fomu, nakala tatu. Fomu ilikuwa na mistari minne kwa ajili ya sababu. Kalinga aliomba karatasi ya ziada, akaambiwa haziruhusiwi. Akaandika kwa herufi ndogo, sababu yote ikaenea:

"Tarehe 14 Machi 1976 Shija Ngolo hakutoroka. Aliita mara tatu akiomba msaada, na mtambo ulikuwa umezimwa. Niliuzima mimi ili nisikilize mpira. Alikufa maji akiwa kazini."