Uzi wa Kupimia Mkanda

Mitumbwi ikisharudi asubuhi, Walburga hununua ndoo mbili za usipa, dagaa wa ziwani, na kuwaanika juu ya chanja. Ana miaka sitini na sita, lakini mkono wake bado mwepesi. Mume wake, Kilian, ana miaka sabini na mmoja. Uvuvi aliuacha. Sasa analima muhogo na kushona nyavu za watu. Wanaishi Mbaha, hatua chache kutoka ziwani.

Mwaka jana walikuwa na mbuzi watatu na mpango mmoja. Mbuzi wauzwe, yanunuliwe mabati ya jikoni kabla ya mvua kuanza. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Mvua ikinyesha, Walburga alipika huku akisogeza sufuria huku na kule kukwepa matone. Kilian alikuwa ameahidi mabati kwa miaka minne. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia.

Mwezi wa kumi Kilian alianza kulalamika ubavu wa kulia.

"Unachoma kama nimepakwa pilipili," alisema.

"Ni jembe hilo," Walburga alimjibu. "Unalima kama kijana, mwili haujui kama unatania."

Siku mbili baadaye Kilian alianza kuoga peke yake na kulala na shati. Walburga alimwangalia tu. Siku ya tatu alilivuta shati lile bila kuomba ruhusa. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kuanzia mgongoni hadi chini ya titi, mekundu, yenye maji.

"Baba Devotha! Huu si mkanda wa jeshi?"

"Punguza sauti," Kilian alisema. "Unataka kanisa zima lisikie?"

Walburga alilishusha shati. Alijua wanachosema watu. Wanasema mkanda wa jeshi ni ukimwi, basi. Na Kilian ni mzee wa kanisa. Kwa aibu, Walburga alianza kukumbuka miaka ile Kilian alipokuwa akivua mbali na kukaa miezi bila kurudi. Hakumwuliza. Lakini alipompa uji, alimpa bila kumtazama.

Hawakwenda zahanati. Walikwenda kwa mganga wa kienyeji wa kitongoji cha jirani, kwa kuwa kwake hakuna foleni na hakuna wa kuwaona. Mganga aliukagua mkanda, akatikisa kichwa.

"Huu unatafuta kuzunguka," alisema. "Kichwa kikikutana na mkia, mtu hana siku. Mama, upime kila asubuhi."

Aliwapa unga mweusi wa kupaka. Bei yake ilikuwa mbuzi mmoja.

Walburga alikata kipande cha uzi wa nyavu. Kila asubuhi aliuzungusha ubavuni kwa Kilian na kufunga fundo pale malengelenge yalipoishia. Siku ya kwanza mkanda ulisogea upana wa vidole viwili. Siku ya pili kidole kimoja. Siku ya nne haukusogea, na siku ya tano pia.

"Umesimama!" Walburga alipiga kigelegele kidogo, cha ndani ya nyumba. Mbuzi wa kwanza aliondoka akiwa analia, nao hawakumsikitikia.

Malengelenge yalikauka na makovu yakabaki. Lakini maumivu hayakuondoka. Shati likimgusa tu, Kilian aliruka. Hakulala, hakushika jembe. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, leo hivi, kesho vile. Mbuzi wa pili aliishia kwenye vidonge na nauli za bodaboda. Muhogo ulipoanza kuzidiwa na majani, ilibidi watafute kibarua wa kupalilia. Huyo alimaliza mbuzi wa tatu.

Mvua ikaanza. Walburga alisogeza sufuria, akasonya, akasema, "Kesho tunakwenda zahanati. Kanisa lisikie, lisisikie."

Nesi wa zahanati ni Safina, binti aliyehamia kutoka Songea. Aliwapokea vizuri.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Walburga alijibu. Alieleza yote, hata habari ya uzi. Safina alisikiliza hadi mwisho.

"Babu, utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Nani hakuugua?" Kilian alisema.

"Basi kirusi chake hakikutoka. Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu. Mtu akiwa na nguvu, kinalala. Umri ukienda, kinga inapungua, kinaamka. Ndiyo maana wazee wengi wanapata mkanda. Virusi vya ukimwi navyo vinapunguza kinga, kwa hiyo tunashauri kupima. Lakini mkanda peke yake hauthibitishi ukimwi."

"Nipime," Kilian alisema haraka. "Na huyu apime. Amenitazama pembeni vya kutosha."

Walburga alitamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa amejua siku zote! Walipimwa wote wawili, na wote hawakuwa na virusi. Safina aliwaambia kwamba hata wangekutwa navyo, dawa zipo na maisha yangeendelea. Walburga alimshika mume wake mkono mbele ya nesi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na huu mkanda," aliuliza, "mganga si ameuzuia usizunguke?"

"Mama, kwa kawaida hauzunguki. Unafuata mshipa wa upande mmoja, unaishia katikati ya kifua na katikati ya mgongo. Hata usingepaka kitu ungesimama palepale."

"Sasa mbuzi tulimlipa kwa kazi gani?"

Safina aliinamia daftari lake. "Hilo usiniulize, mama. Niulize lingine."

Kisha alieleza lililo kubwa. Ipo dawa ya vidonge ya kupunguza nguvu za kirusi. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee. Bei yake haifiki nusu ya mbuzi. Na mzee asiyejiweza aende kwa mtendaji wa kijiji, aulize utaratibu wa msamaha wa matibabu.

"Nyinyi mmekuja baada ya miezi miwili," alisema. "Sasa tutatuliza maumivu tu. Kwa wazee yanaweza kukaa miezi mingi."

Walimwanzishia dawa nyingine ya maumivu ya mishipa. Usiku huo Kilian alilala saa nne mfululizo. Uzi wenye mafundo Walburga hakuutupa. Aliutundika msumarini jikoni, ili auone kila anapopika.

Mwezi wa sita simu ililia kutoka Mbinga. Alikuwa Scholastica, dada yake Walburga, mjane wa miaka sabini na miwili, mkulima wa kahawa.

"Paji la uso linaniwaka, mdogo wangu. Nadhani ni mdudu wa kwenye mibuni. Leo yametoka malengelenge, yanashuka jichoni."

Walburga alisimama. "Upande mmoja au pande zote?"

"Kushoto tu. Wenzangu wanasema nipake..."

"Usipake kitu! Nenda hospitali leo. Si kesho, leo!"

"Na kahawa niliyochuma? Haijakobolewa. Ikilala itaharibika."

"Dada, kahawa utachuma mwakani. Jicho utalichuma wapi?"

Scholastica alikata simu kwa hasira. Walburga aliutazama uzi ule msumarini. Jioni simu ililia tena. Scholastica alikuwa amekwenda hospitali, na daktari alimpa vidonge vya siku saba na dawa ya jicho. Alimwambia angechelewa, huenda jicho lingeharibika.

Baada ya wiki tatu Scholastica alipona. Jicho lilikuwa zima na maumivu yamekwisha. Gharama yote ilikuwa nauli, dawa, na madebe mawili ya kahawa iliyochacha.

Mwezi wa nane lori kutoka Mbinga lilisimama Mbaha na kushusha mabati kumi na mawili. Scholastica alipiga simu.

"Nimeuza kahawa. Uzito wake nimeusoma mwenyewe kwenye mzani, kwa macho yote mawili. Ezekeni."

Paa la jiko lilipigwa Jumamosi ya wiki hiyo. Kilian alipanda ngazi mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Walburga alimshikia ngazi, akimwangalia kutoka chini. Nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto, maana ubavu wa kulia ulikuwa bado unamuuma.